Opereta wa Simu za Kimya

Ukitaka kumkasirisha Mama Haloo, mwambie kazi yake ni ya kukaa. Haya, kaa wewe basi! Kaa saa nane kwenye kile chumba cha swichibodi chini ya ngazi za hospitali, chumba chenye dirisha moja lililopigwa rangi likagoma kufunguka, hedifoni imekubana masikio, taa kumi na mbili zinawaka na kuzimika mbele yako, na kila taa ni mtu na shida yake. Mama Haloo amekaa humo miaka ishirini na sita. Kiti chake kimebonyea kikamzoea yeye peke yake, mtu mwingine akikikalia anateleza.

Jina lake halisi lipo kwenye faili la utumishi, na huko huko ndiko linakoishi. Kuanzia daktari bingwa mpaka mfagizi wa korido, wote wanamwita Mama Haloo. Mumewe amelifupisha, anamwita Haloo tu. Naye hakukubali kubaki nyuma, akampa mumewe jina lake: Jumamosi.

Sababu ya jina hilo ni bomba. Jumamosi alikuwa fundi bomba, tena si fundi wa kubahatisha. Nusu ya mabomba ya mtaa ule yamepita mikononi mwake. Lakini bomba la jikoni kwake mwenyewe lilianza kuvuja mtoto wao wa mwisho akiwa darasa la nne, na mtoto huyo leo ni mama wa watoto wawili. Kila akiulizwa, Jumamosi anajibu bila kuinua kichwa: "Nitalitengeneza Jumamosi." Jumamosi ngapi zimepita, wewe hesabu mwenyewe. Mama Haloo alichoka, akapindua sufuria kuukuu chini ya bomba ili maji yasiruke ukutani, na tangu hapo nyumba ile ikawa na wimbo wake: tip, tip-tip, halafu kimya kirefu, halafu tena tip, tip-tip. Wamelala nao, wameamka nao, wamegombana nao ukiendelea pembeni.

Baada ya kustaafu, Jumamosi alijitwalia jiko. Alipika vizuri, sikatai, ila hakuwahi kujua kitu kiko wapi. Na kwa kuwa kwenye chumba cha swichibodi hairuhusiwi kuingia na simu ya mkononi, alimpigia mkewe kwa namba kuu ya hospitali, namba ya wagonjwa, kila siku ya kazi, saa nne kamili asubuhi.

"Hospitali, nakusikiliza."

"Haloo, chumvi iko wapi?"

"Ilipokuwa jana."

"Na jana ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya unga, Jumamosi! Macho unayo ya nini?"

Halafu anakata simu huku anatabasamu peke yake, na wagonjwa watatu wanaofuata wanapokewa na sauti tamu kupita kiasi.

Basi. Hospitali ikawa na tatizo, na tatizo lilikuwa la kweli, tusimwonee mtu. Simu zilizidi. Kuna baba alipiga mara kumi na moja mtoto wake ana degedege, kila akipiga mstari una shughuli. Mganga Mkuu aliposikia habari hiyo hakula chakula cha mchana. Akaagiza mashine ya kupokea simu: inaongea, inakuuliza unataka huduma gani, wewe unajibu, inakupeleka wodini au maabara bila kupitia kwa mtu. Na pamoja na mashine akaja mtengenezaji wake, dada wa miaka thelathini na kitu, mhandisi, viatu vya raba, begi la kompyuta mgongoni, adabu tele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe umekuja kunifukuza?"

"Hapana, mama! Nimekuja kukupunguzia kazi."

"Mh," alisema Mama Haloo, akarudi kwenye taa zake.

Mhandisi alikaa akafungua kompyuta, akaeleza kwa furaha kabisa. Alikuwa amekusanya hesabu za mwezi mzima kutoka kwenye mitambo. Simu mia tatu na sabini kwa siku. Mia moja na tisini zinauliza saa za kuona wagonjwa, hizo mashine itazijibu. Mia moja na sitini zinataka wodi fulani, hizo mashine itazipeleka. "Na ishirini ni simu hewa," akamalizia. "Hizo mashine itazikata yenyewe, hutazisikia tena."

Mama Haloo alivua hedifoni. Kwa kawaida huvua mara mbili tu kwa siku, wakati wa chai na wakati wa kwenda nyumbani.

"Simu hewa ndiyo nini?"

"Mtu anapiga, hasemi kitu. Zikipita sekunde sita kimya, tunajua ni simu ya bahati mbaya. Kitufe kimejibonyeza mfukoni."

"Nani kakwambia ni hewa?"

"Takwimu, mama."

"Hiyo takwimu ilikuwa imevaa hedifoni?"

Mhandisi akacheka. Mama Haloo hakucheka.

"Mashine yenu mliijaribia wapi?"

"Ofisini kwetu. Watu ishirini, kila mmoja alipiga mara kumi. Hakuna hata mmoja aliyefikisha sekunde mbili kabla ya kuongea."

"Na mlipokuwa mnajaribu," Mama Haloo akauliza, "nani kati yenu alikuwa anaogopa?"

Mhandisi aliitazama kompyuta yake. Ni swali ambalo halikuwa kwenye fomu yoyote aliyokuja nayo.

Mama Haloo akavuta stuli kutoka chini ya meza, akachomeka hedifoni ya pili, ile ya wanaojifunza kazi. "Kaa hapa. Na hiyo kompyuta ifunge, leo utatumia masikio."

Sasa ngoja nikueleze Mama Haloo alivyokuwa akipokea simu. Anasema, "Hospitali, nakusikiliza." Kisha ananyamaza. Mpigaji asiposema kitu, yeye haanzi haloo-haloo ile ya kumkimbiza mtu. Anavuta pumzi taratibu, ya pili, ya tatu. Ndipo anasema kwa sauti ya chini, "Sina haraka." Maneno mawili tu. Hapo taa nyingine tano zinawaka na yeye ana haraka ya kufa mtu, lakini huwezi kuijua kwa sauti yake.

Simu ya kimya ya kwanza siku ile ilikuwa ya kijana aliyeazima simu ya jirani, anampelekea bibi yake chumbani ili aongee mwenyewe. Waliisikia safari nzima: mlango, kuku wakifukuzwa, kitanda kikilia, "Bibi, ongea," "Niongee na nani?" Sekunde ishirini na nane. Bibi alikuwa ameishiwa dawa ya presha siku nne.

Ya pili ilikuwa mtoto. Mama Haloo aliinamisha kichwa, akasikiliza pumzi fupi-fupi na kicheko kilichobanwa, akasema, "Wewe nawe, mpe mama simu kabla sijaja huko na sindano." Simu ikakatwa mbio. "Hizi ni nyingi," akakiri. "Kumi kwa siku, hata kumi na tano. Sitakudanganya."

Ya tatu iliingia saa tatu juu ya alama. Kimya. Nyuma ya kimya kulikuwa na mngurumo wa mashine ya kusaga nafaka. Mama Haloo hakuuliza kitu. Hakusema hata yale maneno yake mawili. Alisema, "Amelala vizuri. Kaongezeka kidogo. Asubuhi kanywa maziwa yote." Upande wa pili mtu akashusha pumzi, pumzi ndefu iliyotoka tumboni kabisa, kisha simu ikakatwa.

"Huyo ni nani?" Mhandisi akanong'ona.

"Mama wa mtoto njiti, kitanda cha nne. Mtoto kazaliwa kabla ya siku zake, yuko kwenye chupa ya joto. Mama ana wengine wawili nyumbani, na kazi mashineni, hawezi kuja mpaka mchana. Siku ya kwanza alipiga akalia, akaniambia 'kitanda cha nne', basi. Tangu hapo hasemi neno. Anaogopa kuuliza, kwa sababu akiuliza atajibiwa. Kwa hiyo mimi saa mbili namuuliza nesi, nakaa na jibu lake tayari."

"Na jina lake?"

"Nalijua la nini? Nalijua hilo la mashine ya kusaga."

Mhandisi alikaa mpaka saa tisa alasiri. Hakuandika kitu. Alipotoka alisahau begi lake, akarudi kulichukua, akasimama mlangoni muda bila kusema neno. Mama Haloo akamtazama kwa jicho la pembeni. "Sina haraka," akamtania, na wote wawili wakacheka.

Lakini mashine ilikuwa imeshanunuliwa, na Mganga Mkuu si mtu wa kubadili tarehe. Jumatatu mchana ikawashwa. Ilikuwa na sauti ya mwanamke aliyemeza asali: "Karibu. Tafadhali taja huduma unayohitaji." Na lazima tuseme ukweli, ilifanya kazi. Mistari ilifunguka. Mtu alipiga mara moja akapata. Mama Haloo mwenyewe alisema, "Haki yake naipa," na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikunywa chai ikiwa bado ya moto. Jumamosi naye alijifunza kuiambia "opereta", akaendelea kuulizia chumvi yake. Tatizo ni zile sekunde sita. Mhandisi aliomba ziondolewe. Mganga Mkuu akasema kwanza tuone hesabu.

Jumanne, kama saa nne na nusu, mwanamke aliingia mapokezi anahema, nywele na nyusi zimejaa unga, kiatu kimoja mkononi kimekatika kamba. Hakwenda wodini. Alishika kaunta kwa mikono miwili akauliza, "Mtoto wangu amekufa saa ngapi?"

Mama Haloo aliisikia sauti ile kupitia ukutani. Hakuwahi kumwona yule mwanamke hata siku moja, lakini pumzi ile aliijua. Alitoka na hedifoni ikining'inia shingoni, waya unamfuata sakafuni.

"Hajafa. Ni mzima. Kanywa maziwa yote."

"Nimepiga mara tatu," mwanamke akasema. "Mara tatu mnanikatia. Nikasema tayari. Nikasema wanaona aibu kuniambia."

Mama Haloo akamshika mkono akampandisha ngazi mpaka kwenye kitanda cha nne, akamwonyesha vile vidole vidogo vinavyofumba na kufumbua. Waliporudi, Mhandisi alikuwa amesimama koridoni, na uso wake ulikuwa umepauka kuliko wa yule wa unga. Alikuwa ameyasikia yote. Mashine yake haikuharibika. Ilifanya hasa kile alichoiambia ifanye, na hilo ndilo lililomuuma.

Alikwenda kwa Mganga Mkuu bila hata kubisha hodi vizuri. Wakazungumza nusu saa, na mimi nadhani haikuwa nusu saa ya kubembelezana. Aliporudi alileta habari nusu nzuri, nusu mbaya.

"Amekubali mpaka Ijumaa," akasema. "Simu ikikaa kimya sekunde sita, mashine haitaikata, itakuletea wewe. Nitakuwekea taa yake peke yake. Lakini Ijumaa tunakaa na hesabu. Zikiwa ni watoto wanaochezea simu tu, anaifunga hiyo taa, mashine inarudi kukata, na wewe..." Akasita.

"Na mimi?"

"Unahamia stoo ya mafaili mpaka ustaafu."

Mama Haloo alitazama kiti chake. Kwenye stoo ya mafaili hazilii simu. Huko hata panya hawana la kusema. Lakini nikwambie kilichomsumbua haikuwa stoo. Ilikuwa ni kumfikiria mtu amepiga moyo konde, ameinua simu, halafu anakatiwa akiwa bado anatafuta neno la kwanza.

"Kitu kingine, mama," Mhandisi akasema. "Kabla haijakuletea, mashine itabidi iseme neno, ili mtu asidhani simu imekufa. Sitaki sauti ile ya asali. Nataka yako." Akatoa kinasa sauti. Mama Haloo alikohoa, akajitengeneza kana kwamba anapigwa picha, akasema maneno yake: "Nakusikiliza. Sina haraka." Walirudia mara saba, maana kila mara alikuwa anacheka mwishoni.

Jumatano taa mpya, ya rangi ya machungwa, ilianza kazi. Na bahati mbaya iliyoje! Shule zilikuwa zimefungwa. Simu kumi na saba za kimya, kumi na nne ni watoto. Mmoja aliimba. Mmoja aliiuliza hospitali kama ina tembo. Nyingine ilikuwa mtu anayekoroma. Mbili tu ndizo zilikuwa za haja: mama wa mashine ya kusaga, na mzee aliyekuwa akilia kwanza ndipo aongee. Jioni Mhandisi aliangalia hesabu hizo akajishika kichwa.

"Mbili kati ya kumi na saba, mama. Hatanielewa."

"Wewe nenda kale," Mama Haloo akamwambia. "Una njaa, ndiyo maana unaona giza."

Lakini nyumbani naye hakula. Alikaa jikoni, tip, tip-tip, akamweleza mumewe kisa chote. Jumamosi alisikiliza huku anamenya viazi vya kesho, maana alikuwa mtu wa kujiandaa kwa kila kitu isipokuwa bomba.

"Sasa mimi nikikupigia nikakaa kimya," akauliza, "utanijua?"

"Wewe? Kimya? Tangu lini?"

Alhamisi, saa nne kamili, simu ya chumvi haikuja. Mama Haloo aliona, akadharau. Labda leo kaipata mwenyewe, hongera zake. Saa nne na dakika tano akatazama saa. Saa nne na kumi akatazama tena, akajisonya: mtu mzima ovyo, kumsubiri mume akuulize chumvi. Mhandisi alikuwa pale kwenye stuli yake, hedifoni ya pili masikioni, anahesabu simu.

Saa nne na robo taa ya machungwa ikawaka.

"Nakusikiliza," Mama Haloo akasema. Kimya. Akavuta pumzi moja. Haikuwa pumzi ya mtoto. Ilikuwa nzito, inakwaruza, inatoka upande. Pumzi ya pili. Mhandisi alishika kalamu tayari kuandika "hewa" au "mtoto". Pumzi ya tatu. Na nyuma ya pumzi ile, mbali, kitu kikagonga bati.

Tip.

Tip-tip.

Kisha kimya kirefu.

Mama Haloo aliibana hedifoni sikioni. Mabomba yanavuja dunia nzima, alijiambia, usiwe mjinga. Mikono yake ilikuwa imeshashika ukingo wa meza. Akangoja. Kile kimya kilikuwa kirefu kama alivyokizoea, alikihesabu bila kutaka kama anavyokihesabu kila usiku akiwa kitandani, na kilipofika mwisho wake, pale pale alipojua kitafika:

Tip. Tip-tip.

"Jumamosi?" akasema.

Kwenye simu kikatoka kisauti, si neno, ni "nn", kama mtu anayesukuma mlango uliojaa nguo upande wa pili.

"Ni yeye," akamwambia Mhandisi, na sauti yake haikupanda hata kidogo, ndicho kilichomtisha Mhandisi zaidi. "Ni mume wangu. Yuko jikoni, yuko chini, hawezi kuongea. Gari la wagonjwa. Nyumba ya tatu baada ya fundi viatu, mlango wa kijani, wamwone fundi viatu, ana ufunguo wa akiba. Kimbia!"

Mhandisi aliruka, stuli ikaanguka. Mama Haloo hakuinuka. Angetaka kukimbia, Mungu anajua angetaka, lakini akivua hedifoni ile mumewe atabaki peke yake na bomba. Kwa hiyo akakaa, akafanya kazi yake.

"Nakusikia," akamwambia. "Usijaribu kuongea, leo mapumziko, wewe unaongea sana. Gari linakuja. Mimi siendi popote. Nipo hapa, unasikia? Chumvi iko nyuma ya unga, usihangaike nayo. Nipumulie tu. Hivyo hivyo. Tena." Taa nyingine zikawaka, mashine ikazichukua zote yenyewe, na kwa hilo Mama Haloo ataishukuru mashine ile mpaka anaingia kaburini. "Ulinioa hujui hata kuchemsha maji, unakumbuka? Ukaunguza sufuria. Ndiyo hiyo hiyo inayogonga hapo. Nakupenda, mzee. Sikwambii, kwa sababu unajua. Lakini leo nakwambia. Pumua. Sina haraka."

Dakika kumi na tisa. Mwisho akasikia mlango, fundi viatu anapiga kelele, viatu vingi, mtu akasema, "Tumempata, yupo na fahamu." Ndipo alipovua hedifoni, akaiweka mezani taratibu, na akalia kwa sauti. Mhandisi alimkumbatia, naye analia, na hakuna aliyejali nani ataandika nini kwenye fomu.

Kilikuwa kiharusi. Daktari alisema mkono wa kulia umelegea na maneno yameondoka, lakini wamemuwahi. Wangechelewa saa mbili zaidi, alisema, na hakumalizia.

Ijumaa jioni kikao kilifanyika. Mhandisi alisimama na hesabu zake: simu sitini na moja za kimya kwa siku tatu, watoto arobaini na nne. Alizisoma zote, hakuficha hata moja. Kisha akasema, "Na moja ni ya jana saa nne na robo," akakaa. Mganga Mkuu alikuwa ameshapita wodini asubuhi ile akamwona mgonjwa. Akaikunja karatasi bila kuisoma mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: taa moja ya machungwa inatosha, au ziwekwe mbili?

Jumamosi alirudi nyumbani baada ya wiki tano, anatembelea fimbo, mdomo umevutika kidogo upande. Kila siku mtaalamu wa matamshi alikuja kumfundisha, aa, ee, oo, kama mtoto wa chekechea. Neno halikutoka. Mama Haloo alichukua likizo, akapika, akamlisha, akamnyoa ndevu, akamsimulia habari za hospitali, na saa nne kamili kila siku alimuuliza kwa sauti, "Chumvi iko wapi?" Mumewe alinyoosha mkono wa kushoto akaonyesha unga. Sasa alipajua.

Mhandisi alikuja kuwaamkia akiwa na mfuko wa machungwa. Aliwaeleza kwamba ofisini kwao siku hizi, kabla ya kujaribu kitu chochote, kuna swali wameliandika ukutani juu ya meza: nani hapa anaogopa? Halafu walikaa wote watatu jikoni, na maongezi yakafika mahali yakatulia, na katika ule utulivu ikasikika: tip, tip-tip.

Mhandisi akageuka taratibu kulitazama bomba. Alikuwa amelisikia mara moja tu maishani mwake, kwenye hedifoni.

"Mama," akasema, "niwaletee fundi alitengeneze?"

"Mimi unaniuliza?" Mama Haloo akajibu. "Muulize fundi, huyo hapo."

Jumamosi alinyanyua uso. Akalitazama bomba, akamtazama mkewe. Mdomo ukaanza kazi: ukajifunga, ukajifungua, mshipa wa shingo ukasimama, jasho likamtoka. Mhandisi alitaka kumsaidia neno. Mama Haloo akamgusa goti, ngoja. Zikapita sekunde sita. Zikapita kumi na mbili. Bomba likapiga mdundo wake wote, likapiga tena.

"Ju," akasema. "Ju... ma... mosi."

Lilikuwa neno lake la kwanza. Na siku yenyewe, kwa taarifa yako, ilikuwa Jumamosi.

Mama Haloo alicheka mpaka machozi yakamshuka kidevuni, akaushika ule mkono uliolegea akaubana shavuni kwake.

"Haya, mume wangu," akasema. "Sina haraka."